Zulia la Kujaribia

Sheria iliagiza kila mashine ya kusafishia mazulia isome vumbi na kuitaarifu serikali nani amelikanyaga zulia. Nilitumia yangu ya zamani, isiyosoma kitu, mpaka ikaungua, ndipo nikaenda dukani na zulia la sebuleni kwangu begani. Fundi wa mazulia kama mimi hanunui mashine bila kuijaribu kwa uchafu anaoujua.

“Mzee Mbaruku, si ungejaribia letu?” alicheka Tunu, muuzaji. “Au letu safi mno?”

“Lenu halijakaliwa na watu, binti yangu.”

Niliamini mashine ambayo haijanunuliwa haisomi kitu. Ilivuta vizuri ajabu, hata mchanga uliojificha chini ya nyuzi. Nilikuwa karibu kusema naichukua, kwa mazulia ya wateja tu, mara kioo chake kikawaka na kuonyesha majina: langu, la mke wangu Zaituni, na la mwanetu Harithi, anayetafutwa na serikali.

Tunu aliacha kucheka. “Zinasoma tangu kiwandani, mzee wangu. Imeshatuma.”

Nilipiga simu nyumbani. Zaituni alipokea kwa furaha.

“Umepata nzuri? Hebu subiri kidogo, kuna watu wanabisha hodi.”