Ruhusa ya Sindano

"Niachie niondoke," Sindano alisema, wala hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa.

Kocha alikuwa anajaza mpira upepo. Hakuinua uso mpaka pampu ilipogoma.

"Uende wapi?"

"Popote wanaponitaka."

Sindano alikuwa roho ya timu. Mashabiki walimpa jina hilo kwa jinsi alivyopenya katikati ya mabeki bila kumgusa mtu. Lakini tangu msimu uanze alicheza kama aliyelazimishwa. Alichelewa mazoezini, akaadhibiwa kuzunguka uwanja mzima, akazunguka bila kubisha. Wiki iliyopita alifunga goli la ushindi. Wenzake walimrukia, naye akawatoa mwilini mmoja mmoja huku macho yake yakiwa kwenye benchi. Kocha wakati huo alikuwa anawafokea mabeki warudi nyuma. Hakupiga hata kofi moja.

Mwenyekiti wa klabu alishasema lake. Mchezaji akivimba kichwa, dawa yake ni benchi. Akae pale mpaka matako yaote sugu, atanyooka mwenyewe. Wachezaji waliosikia walicheka. Kocha hakucheka, na walipomwangalia usoni wakanyamaza, maana walimkumbuka Winga.

Winga naye alikuwa nyota, na aliomba kuondoka akiwa amesimama hapo hapo aliposimama Sindano. Kocha alimkatalia katakata. Alimkalisha benchi, akamnyang'anya jezi, akamwambia hendi popote. Basi Winga akatoroka, siku ya mvua, akadandia lori la magogo kwenda kufanya majaribio na timu ya mji mwingine. Lori halikumaliza mteremko.

Tangu hapo hakuna aliyethubutu kutundika nguo kwenye msumari wa Winga. Na Kocha, ambaye hufika uwanjani kabla ya watu wote, husikia njumu zikigonga saruji ya korido. Zinakuja polepole mpaka mlangoni kwake, halafu zinasita, kama za mtu anayengoja kukaribishwa. Siku za mwanzo alikuwa anaitikia, "Ingia." Alipochoka kuitikia korido tupu, akazoea kugeuza kiti na kutazama ukuta mpaka zinyamaze.

Asubuhi hii zilikuja, zikasita, naye akageuza kiti. Ila leo mlango ulifunguliwa, na aliyeingia alikuwa Sindano. Bega moja chini, kama alivyotembea marehemu.

Kocha aliuweka mpira chini. Alikuwa na mengi ya kusema, lakini alikuwa pia na sheria yake, na hakuna aliyewahi kumwona akiivunja. Ukishapita geti la uwanja, hakuna undugu, hakuna ujirani, hakuna mtoto wa fulani. Wote ni wachezaji, naye ni Kocha wao. Walimheshimu kwa hilo. Hata waliomchukia hawakuweza kusema anapendelea.

"Kwani nimekukosea nini?" aliuliza.

Sindano alifikiri kidogo. "Hujanikosea, Kocha. Hujanifanyia chochote."

"Na nikikataa?"

Kijana alimtazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Midomo ilimcheza.

"Kataa basi," alisema.

Kocha aliona kiburi kile kile. Akaona na mteremko, na mvua, na magogo yakibingirika. Mwaka ule angekubali tu, Winga angesafiri mchana kweupe, amekaa kitini kama watu, na leo angekuwa hai. Hilo alikuwa amejiambia mara nyingi mno, akitazama ukuta. Hakutaka kubishana tena na nafsi yake. Alichukua kalamu, akasaini ruhusa pale pale.

"Basi la klabu litakupeleka mchana," alisema. "Usipande gari la mtu mwingine."

Sindano aliipokea karatasi lakini hakutoka. Alibaki ameshika kitasa.

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo. Kila la heri."

Walipeana mikono kama watu waliokutana benki. Kisha njumu zikasikika koridoni zikienda zake, na Kocha akahisi kifua kimefunguka. Mwenyekiti alipopiga simu kufoka, alimwachia afoke mpaka akaishiwa. Timu ingefungwa, mashabiki wangemtukana, pengine na kazi ingeota mbawa. Lakini safari hii hakuna mtu angekufa. Aliyesaini alikuwa amejifunza.

Jioni alirudi nyumbani kwa miguu, mwepesi, akiwapungia hata wale waliokuwa wanamzomea kutoka barazani.

Alikuta mlango wazi na jiko halijawashwa. Alipiga hodi, akapitiliza ndani. Mkewe alikuwa chumba cha nyuma, kile chenye vitanda viwili. Kimoja kilikuwa mbao tupu tangu siku ya lori. Kwenye cha pili mwanamke alikuwa anavua shuka, akilikunja taratibu, kona juu ya kona.

"Mwanao alipita kuniaga," alisema bila kugeuka. "Anasema kaka yake, angalau, ulimkatalia."