Pumzi ya Tatu

Tangu wamzike Bruda Leopoldi, Bruda Kasiani hakuthubutu kusali kimya peke yake. Kila alipofumba macho, alimsikia marehemu akipumua nyuma yake. Kwa hiyo alipofika mgeni, Sumedha, mtawa wa Kibudha, Kasiani alimwomba waketi pamoja mikekani kanisani mpaka kengele ilie.

Kengele haikulia. Jua lilihama kutoka altareni hadi mlangoni.

"Bruda," mgeni alinong'ona mwishowe, "miguu yangu imekufa ganzi. Hupigi kengele?"

"Kwetu mgeni ndiye hupiga."

"Kwetu ni mwenyeji."

Wakacheka mpaka wakafuta machozi.

"Muda wote huo ulikuwa ukifanya nini?" Kasiani aliuliza.

"Nilikuwa nafuata pumzi ikiingia na kutoka. Na wewe?"

"Nilikuwa nataja jina la Yesu, mara moja kwa kila pumzi."

"Basi tumepita mlango mmoja," alisema Sumedha. "Ila yule mwenzetu wa nyuma anapumua kwa shida. Ni mgonjwa?"

"Alikuwa," alijibu Kasiani bila kugeuka. Waliingia wawili tu, na Leopoldi alikufa kwa pumu.

Akainuka taratibu, akatandika mkeka wa tatu pale nyuma. Kisha akaketi karibu na mkeka huo, akafumba macho.