Taa ya Juu ya Meza

Kikombe cha pili kilipinduka Jumapili ile. Jirani yake Hilja, mzee Veikko, alifuta kahawa kwa leso yake mwenyewe akasifu mikate ya iliki. Tyyne, wifi yake Hilja, akaomba radhi, ingawa si yeye aliyemwaga. Kisha wakaaga mapema, kama walivyozoea kuaga tangu baridi iingie na jua la huku kaskazini lianze kuzama mchana.

Lakini walipokuwa wakivaa mabuti ukumbini, mlango wa jikoni haukuwa umefungwa vizuri.

"Giza gani lile, jamani!" Tyyne alinong'ona. "Afadhali angetukaribisha kwenye shimo la viazi."

"Mimi maziwa nimeyatia kwenye sahani," akajibu Veikko. Wakacheka huku wamebana pumzi.

Hilja alibaki amesimama na birika mkononi, uso unamchoma. Mambo ya balbu yalikuwa ya mumewe Olavi, na Olavi alikwishazikwa. Akawakumbuka wote waliokaa mezani pale tangu msiba: mchungaji, binamu kutoka mji wa Kuopio, kina mama wa kwaya. Wote walikunywa, wakashukuru, na mmoja mmoja wakapunguza kuja. Bila shaka wanasema anabana umeme. Na yeye, ukimwondolea kahawa ya Jumapili, wiki nzima hana mtu wa kuzungumza naye.

Kesho yake akamwita Jarno, fundi umeme.

Jarno alipanda kwenye kigoda, akafungua balbu, akaitikisa sikioni. Ikalia kama ina chembe ya mchanga ndani.

"Mama, hii iliungua siku nyingi."

"Najua," Hilja akadanganya, akageukia jiko kuficha uso.

Jarno akakohoa kidogo. "Basi tupange jiko zima. Mimi huwa naanzia pale mtu anapokatia mboga. Taa ikae chini ya kabati, mbele yako, kivuli cha kichwa kisiangukie kisu."

"Pale usihangaike. Anzia mezani."

"Watu wengi huanzia…"

"Mezani, mwanangu. Wageni waone vikombe vyao."

Akapima kwa utepe. Akaeleza kwamba taa ya meza ishuke, lakini isishuke mpaka ikawachoma watu macho. Iwe na kofia, mwanga umwagike juu ya kitambaa. Nyingine iwe ukutani karibu na mlango, mtu asijikwae na kizingiti. Hilja alimsikiliza kwa makini kama anayefundishwa kupika, akauliza hata kuhusu kona ya benchi anapopenda kukaa Veikko.

"Mwanga uwe mweupe au wa manjano?"

"Upi unawapendeza watu?"

"Wa manjano. Mweupe unawafanya waonekane wagonjwa."

"Basi wa manjano. Wagonjwa hapa tunatosha."

Jarno akacheka, na Hilja akapumua kwa mara ya kwanza tangu jana.

Jumapili iliyofuata alioka mara mbili ya kawaida. Na wasipokuja je? Wakaja. Aliwasikia wakikung'uta theluji, akabonyeza swichi, akasimama kando, mikono ndani ya aproni.

"Ehee!" Tyyne akapaza sauti mlangoni. "Leo hapa ni harusini!"

Hakuna kikombe kilichopinduka. Walikula, wakaongezewa, wakasahau kuangalia saa. Hilja alipoinama kwenye jiko kuongeza kahawa, Veikko, ambaye masikio yake yamechoka na hajui tena kunong'ona, alimwinamia Tyyne.

"Ilikuwa rahisi hivi! Miezi yote hiyo, wewe ni wifi yake, si ungemwambia tu?"

"We mzee!" Tyyne akamjibu kwa sauti ya chini. "Kipofu unamwambiaje kwamba taa yake imeungua?"