Jina Juu ya Kiti cha Dereva

Msasa wa Arnulfo ulikuwa umeshakula nusu ya jogoo aliyechorwa kwenye dari ya jipni, gari la abiria la marehemu baba yake, alipoona herufi katikati ya manyoya.

Tangu asubuhi alikuwa akikwangua kwa hasira. Farasi wa bati, mawaridi, Bikira Maria, taa za rangi saba. Mzee hakuacha hata nafasi ya kiganja. Na ubaoni mbele, kwa dhahabu, majina ya ndugu wote watano wa Arnulfo. Lake halikuwamo.

"Nalipaka rangi nyeupe tupu," alikuwa amemwambia mama yake. "Limezidi makorokoro."

Sasa alisoma, juu kabisa ya kiti cha dereva: NULFO. Herufi mbili za kwanza zilikuwa vumbi jekundu kwenye kope zake.

Mama alichungulia dirishani, bakuli la uji wa mchele mkononi. Alitazama juu.

"Hata lako?"

"Sikujua lipo, Mama."

"Ungejuaje? Ulikuwa unaona haya kulipanda gari la baba yako." Aliweka bakuli chini taratibu. "Alisema majina ya mbele yanababuliwa na jua. Hilo alikuwa akiligusa kila asubuhi kabla ya kuwasha gari."