Kovu Chini ya Baibui

Zuwena alimtilia shaka yule dada aliyejitambulisha kuwa wa ustawi wa jamii tangu alipobisha hodi.

"Shikamoo mama. Sheria ya kuasili imebadilika. Mtoto uliyepewa mkononi, bila karatasi, lazima tumsajili."

"Marahaba." Miaka saba amemlea hapa Kisarawe, na mama mzazi wa mtoto, Zuwena hamjui hata kwa sura. Leo ndiyo serikali imekumbuka?

Binti akarudi kutoka madrasa, baibui likifagia vumbi, akaamkia, akapita chumbani. Mgeni hakuthubutu kumtazama. Aliinamia fomu, akijaza huku akisoma: "Jinsia, kike. Alama ya mwilini, kovu la moto, goti la kushoto."

Kalamu ikaganda.

Zuwena aliinuka taratibu, akauvuta mlango wa chumba, akauegemea kwa mgongo.

"Goti hilo umelionea wapi, mwanangu?"