Pakiti Moja kwa Kadi Moja

Bibi aliweka kauntani kitambulisho cha mumewe, kwa sababu chake kilikuwa kimeshatumika. Sheria mpya inaruhusu pakiti moja ya dawa ya mafua kwa kadi moja kila mwezi, na mjukuu wake anayekohoa hana kadi.

Penina, mwenye duka la dawa hapa Makole, aliitazama picha. Kona moja ya kadi ilikuwa imeungua. Jumamosi iliyopita Penina alikuwa ametupa udongo kwenye kaburi la mzee huyo wa pichani.

Nyuma yake, mkaguzi wa serikali aliacha kupekua daftari la wateja, akamsemesha bibi.

"Shikamoo, bibi. Mwenyewe yuko wapi?"

"Marahaba. Nyumbani."

"Mbona haji?"

"Miguu inamsumbua, baba."

Mkaguzi alimgeukia Penina. "Unamfahamu mwenye kadi?"

Leseni ya duka ilining'inia ukutani, juu ya kichwa cha mkaguzi. Kalamu ya Penina haikusogea.

Wa pili kwenye foleni alikuwa katekista aliyeongoza mazishi. Alivua kofia.

"Nimetoka kwake asubuhi hii," alisema. "Mafua yamembana kweli."

Penina alivuta daftari, akaandika tarehe, kisha jina la mzee.