Mashimo ya Chesisi

Sheria haina maneno mengi: lori la zamani la kijeshi likishajulikana lilitoka kiwandani likiwa la aina gani, linarudi kwenye kazi ileile, na mwenye kadi ndiye dereva wake. Ndiyo maana mtaa mzima hapa Singida uliomba letu liwe la maji. Kitwana, mume wangu, alinizawadia lori hilo tulipotimiza miaka ishirini ya ndoa. Kwa miaka mitatu tumelikarabati uani, kuku wakitagia ndani ya kabini.

Leo asubuhi tulifikia chesisi, pale bodi inapofungwa. Lori la maji lina mashimo manne kila upande. La kubeba askari lina sita. Tulipiga msasa mpaka mabega yakawaka moto.

"Manne, Mama Subira," Kitwana alisema. Majirani wakaleta ndoo zao kwa mzaha, wakapanga foleni. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Yeye hakuacha kusugua. Akakuta viraka viwili vya kuchomelea, akavigonga kwa nyundo, vikadondoka.

"Sita. La askari, toleo la kwanza kabisa. Mimi nilidhani yameshaisha duniani."

Alinikumbatia kwa mikono yenye vumbi, akapiga picha, akaituma ofisi ya usajili kabla sijafungua mdomo.

Jibu lilikuja papo hapo. Alilisoma kwa sauti: hongera, lori liripoti kambi ya mpakani Jumatatu, likiendeshwa na mwenye kadi. Alikuwa bado anatabasamu alipofika kwenye jina langu.